Kata jani la mshubiri ulichunguze kabla ya kulaumu mche

Mkulima wa mshubiri akiona majani membamba yenye ute haba, husema ameuziwa mche mbaya. Mara nyingi mche hauna kosa. Chukua kisu kikali, kata jani moja la chini kwa upana, ulitazame.

Nje kuna ganda la kijani lenye nta. Chini yake imejipanga mirija kuzunguka jani lote, na hapo ndipo unapotoka utomvu wa manjano, ule uliotufanya tuseme kitu ni chungu kama shubiri. Katikati ni ute: seli kubwa zenye kuta nyembamba, na karibu asilimia 99 ya ute huo ni maji. Hilo ndilo ghala la mmea.

Ukame ukizidi, mmea hula akiba ya ghalani kwanza. Kuta za seli hujikunja, jani hunywea, kingo zake huinuka likawa kama mtaro. Mvua ikinyesha seli hujaa tena. Kwa hiyo usivune shamba lililonywea: mwagilia maji yazame chini, ngoja majani yajae, ndipo ukate.

Lakini nakusihi, usimwagilie kila siku. Mshubiri hufungua matundu yake ya kupumulia usiku na kuyafunga mchana wa jua kali, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Udongo ukilowa muda wote mizizi huoza. Udongo wa kichanga unaufaa. Kwenye mfinyanzi panda juu ya matuta.

Wapo wanaoupanda chini ya mwembe wakidhani wanausitiri. Kivulini jani hurefuka, hulegea na kuwa jembamba. Juani hunenepa, na nta yake huongezeka. Wekundu unaojitokeza wakati wa jua kali si ugonjwa, usikimbilie dawa ya kupulizia. Ila miche iliyolelewa kivulini izoeshwe jua kidogo kidogo, la sivyo itaungua.

Wakati wa kuvuna chukua majani ya nje yaliyokomaa, kwani machanga yana uchungu zaidi. Yasimamishe, upande uliokatwa ukielekea chini, utomvu wa manjano uchuruzike wote kabla hujamenya. Utomvu huo huharisha vikali, na mjamzito asiunywe kabisa.