Timu ya mji ikibeba ubingwa na we ni mwanafunzi Uturuki, ingia hivi

Nyie mnaoenda kusoma Uturuki, iko siku timu ya mji wenu itabeba kombe na nje patawaka, usijifungie hosteli kwa uoga ila usikurupuke pia. Mi nilikuwa Trabzon, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, usiku wa 30 Aprili 2022, Trabzonspor, timu ya mpira ya pale, katoa sare 2-2 na Antalyaspor, pointi moja ikatosha kuwa bingwa wa ligi kwa mara ya kwanza tangu 1984, yani miaka 38 watu wanasubiri tu, na ilikuwa Ramadhani, Idi bado siku 2, hakuna aliyelala mpaka daku.

Kwanza toka na mwenyeji, hata mtu wa darasani. Yeye anajua mitaa ya kukwepa, maana kule kuna watu wanafyatua risasi hewani kwenye harusi na kwenye mpira, na risasi iliyopanda inashuka jamani. Ukisikia milio usiyoielewa ingia ndani ya jengo, usibaki kibarazani unarekodi.

Vaa pamba. Zile meşale, mienge ya moto mwekundu wanayoshika mkononi, zinadondosha cheche na jezi ya polista inayeyuka inagandia kwenye ngozi. Halafu rangi, Trabzon ni maruni na bluu, jezi ya mahasimu wao Fenerbahçe kisa Samatta aliwahi kuchezea pale iache kabatini siku hiyo.

Beba kadi ya ukaazi, simu mfuko wa zipu, namba ya dharura ni 112. Mtandao ukielemewa hampatani, so pangeni mapema pa kukutana, sisi tulichagua duka la dawa lenye ile E nyekundu inayowaka, nje kidogo ya Meydan, uwanja wa katikati ya mji.

Sasa kuingia kwenyewe. Weka simu mfukoni, tafuta duara la horon, ngoma ya watu wa Bahari Nyeusi, utalijua kwa kemençe, zeze lao la nyuzi 3, watu wameshikana mikono mabega yanatetemeka. Simama karibu, nyoosha mkono, watakuvuta. Mi alinivuta mzee mmoja anaita "Nwakaeme!", yule winga wao Mnigeria, kiganja kigumu, machozi yanamtoka, hakuniachia mpaka zeze liliponyamaza. Miguu usiwaze, fuata bega la jirani. Na jua kusema "Bize her yer Trabzon", kwetu kila mahali ni Trabzon, ukiisema tu unakumbatiwa.

Usipande juu ya gari wala nguzo hata kama wenyeji wanapanda, wao wakikamatwa wanarudi kwao, wewe ni kibali cha ukaazi na skolashipu.

Watu wakianza kukubana kifuani kunja mikono mbele ya kifua, usishindane na wimbi, likitulia sogea kimshazari mpaka utoke. Na muulize mlinzi wa hosteli mapema geti linafungwa saa ngapi. Sisi tulitoka kwenye shamrashamra saa nane usiku honi bado zinalia, tukanunua mkate wa moto wa Ramadhani, tukala daku palepale kwenye ngazi za duka.