Namna ya kusoma habari ukiwa unauza mahindi mpakani Busia

Anayeishi Busia, mji uliopo mpakani mwa Uganda na Kenya, hufikiwa na habari mara mbili, kwanza za Kampala kisha za Nairobi, na zote zinaishia kwenye droo moja ya pesa. Duka langu liko Sofia, upande wa Uganda. Nauza mahindi, maharage na unga wa posho, yaani wa ugali, na pembeni nina kidirisha cha pesa za simu. Tangu alfajiri wanakuja watu wa namna mbili: mwenye shida ya kununua au kuuza, na mwenye shida ya kujua kama alichosikia ni kweli. Huyu wa pili hanunui hata kibiriti, na ndiye anayenimalizia asubuhi.

Nawaandikia wenzangu wenye mtaji mdogo, ambao taarifa moja ya redio inatosha kuwafanya wauze vibaya kabla ya saa nne. Kila habari naiuliza hivi: inanitaka nifanye nini, na lini? Isipojibu, hayo ni maongezi. Maongezi hayana ubaya, nayapenda sana, ila siyaruhusu yapange bei ya gunia.

Usiishie kwenye kichwa cha habari

Wafanyabiashara wa mpakani hawajasahau Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha barua ya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kwa sababu vipimo vilikuwa vimekuta sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, nyingi kupita kiwango. Redio zikasema "Kenya yapiga marufuku mahindi", na mji ukataharuki. Malori yakakwama, madalali wakaanza kuzunguka na pikipiki wakiwaambia wakulima kwamba soko limekufa, afadhali uchukue hiki kidogo. Wapo walioutoa mzigo wote kwa bei ya kutupa.

Tarehe 10 Machi, siku tano tu baadaye, Kenya ikafungua tena, safari hii kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane umetoka wapi.

Sasa rudi kwenye ile habari ya siku ya kwanza uisome vizuri. Ilikuwa na mambo matatu ya kutafuta: nani kaandika, inaanza lini, na kwa sababu gani. Mimi naanza na hilo la mwisho. Marufuku inayotokana na ugomvi wa wakubwa huwezi kuifanyia chochote, unasubiri wapatane. Marufuku inayotokana na sumukuvu inakuambia kazi ya kufanya leo hiihii: anika mahindi vizuri, yaondoe chini kwenye udongo, tenganisha yaliyovunda, tafuta cheti. Aliyesikia sababu alipata kazi. Aliyesikia neno "marufuku" peke yake alipata presha.

Na kwa kuwa nimelitaja, hiki ndicho kipimo cha unyevu ninachotumia nikinunua kwa mkulima. Tafuta chupa ya glasi yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Tia mahindi mpaka karibu theluthi, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja kikubwa, funga, tikisa kama dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi kwenye turubai. Ikiporomoka yote chini bila kushika, yamekauka kiasi cha kuweka ghalani. Jihadhari na mambo mawili. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo usimpelekee chupa yako afisa wa mpakani. Pia chupa haioni sumukuvu, hiyo inaonekana maabara tu, na mahindi mazuri kwa macho yanaweza kuwa nayo. Chumvi yenyewe iwe kavu. Ile iliyokaa wazi jikoni itakudanganya.

Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 na ni bidhaa iliyo kwenye orodha waliyokubaliana nchi hizi, kuna utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo wenye cheti chake rahisi cha asili ya bidhaa. Uliza hapohapo kwenye kituo cha pamoja cha mpakani. Akina mama wengi bado wanapita njia za panya kwa mzigo ambao ungepita mlango mkubwa bila ushuru wa forodha, halafu huko vichochoroni wanatozwa na watu wasiotoa risiti.

Habari za kodi hazianzi Juni

Watu husubiri hotuba ya bajeti katikati ya Juni, wanakaa mbele ya televisheni, wanatoka wamekasirika. Wakati huo mambo yameshapikwa. Hapa Uganda miswada ya kodi hupelekwa bungeni mapema mwaka, Bunge linatakiwa liwe limeshapitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei, na kodi mpya zinaanza tarehe 1 Julai. Ukitaka kujua kitakachokupata, fungua masikio Aprili na Mei, kamati za Bunge zinapojadili. Hapo ndipo wafanyabiashara wanaitwa kutoa maoni na hapo ndipo kitu kinaweza kubadilika.

Angalia kodi ya pesa za simu. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kwa asilimia moja, ukiweka, ukituma, ukitoa. Watu walipiga kelele, na mwaka huohuo ikashushwa hadi nusu asilimia, kwenye kutoa tu. Mpaka leo kuna mteja anayesimama dirishani kwangu akinituhumu kwamba nimemkata. Namwambia: mzee wangu, ukitoa laki moja, shilingi 500 ni za serikali, ada ya mtandao ni nyingine, na kamisheni yangu inatoka kwa kampuni, sio mfukoni mwako. Mwaka huohuo 2018 ilikuja pia ile ya shilingi 200 kwa siku ili uingie WhatsApp. Iliondolewa Julai 2021, na siku ileile ikaletwa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Walioshangilia kuondolewa hawakusoma sentensi iliyofuata.

Kwa hiyo ukisikia "kodi imeondolewa", subiri kidogo, uliza kilichoingia mahali pake.

Hesabu ya shilingi mbili

Huku tunapokea pesa za Kenya kama tunavyopokea zetu, na redio inaposema "shilingi ya Kenya yaimarika", mtu wa Mbarara anaweza kubadilisha stesheni, mimi siwezi. Redio inalinganisha na dola. Wewe unataka kulinganisha na yetu, na hiyo ni kugawanya mara moja tu: dola kwa shilingi za Uganda, gawanya kwa dola kwa shilingi za Kenya.

Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu 160 za Kenya, kisha katika miezi michache ikarudi karibu 130. Chukua dola moja kwa shilingi zetu 3,800. Ukigawanya kwa 160, shilingi moja ya Kenya ni chini ya 24 zetu. Ukigawanya kwa 130, ni zaidi ya 29. Sasa gunia ulilomuuzia mteja wa ng'ambo kwa 4,000 za Kenya limekupa 95,000 au karibu 117,000, mahindi yaleyale, mizani ileile. Ndiyo maana wabadilishaji wa barabarani wanakuwa na kikokotoo mkononi kuanzia asubuhi. Na wewe kuwa nacho. Usikubali bei ya jana kwa sababu tu mbadilishaji ni jirani yako na mnasali pamoja.

Tarehe 14 ya kila mwezi, Kenya hutangaza bei mpya za mafuta, zinazotumika mwezi mzima unaofuata. Kwetu serikali haipangi bei, kila kituo kinajipangia. Kama unakodi gari la mzigo, patana nauli baada ya tangazo la 14, sio kabla. Sina zaidi la kusema juu ya mafuta.

Habari inayokuharakisha

Juzijuzi kijana wa boda alinifikia mbio, hata hajazima pikipiki. "Mama, umeiona hii? Wanafunga leo saa kumi!" Akanipa simu. Kioo kina ufa, na juu yake kuna picha ya ujumbe: serikali inatoa milioni moja kwa kila kijana, bonyeza hapa, weka namba ya kitambulisho na namba ya siri ya pesa za simu. Nembo ya taifa ipo, ila imevutwa ikawa pana kama chapati. Jina la programu limeandikwa kwa makosa. Tarehe hakuna.

Nikamuuliza, "Mwanangu, namba yako ya siri serikali inaitakia nini?" Akanyamaza kidogo, akacheka, akazima injini.

Milioni moja ipo kweli, ndiyo maana uongo huo unauzika. Ni ya Mpango wa Maendeleo ya Parokia, ulioanzishwa Februari 2022; parokia hapa ni eneo dogo la utawala, sio la kanisa. Lakini inapitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, cha parokia yenu, jina lako linajadiliwa na watu wanaokujua, na ni mkopo wenye riba, sio sadaka. Anayeitaka aende kwa afisa wa parokia kwa miguu yake. Hakuna kiungo cha kubonyeza, na hakuna saa kumi.

Dawa ya habari za namna hii ni kuziacha zipoe. Habari ya kweli ya asubuhi itakuwa kweli hata jioni, na itakuwa imetajwa na redio zaidi ya moja. Mimi nalinganisha upande wa Kampala na upande wa Nairobi, kisha jioni nasikiliza idhaa ya Kiswahili, BBC au DW, wasio na mahindi ya kuuza Busia. Wote wakilitaja jambo, nalipokea. Likiwa linatembea WhatsApp peke yake, nalisubirisha. Tangu Facebook ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021, uvumi mwingi umehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na huko huoni nani aliyeanza.

Ujumbe wa "umepokea pesa" nao ni habari, na unasomwa hivyohivyo. Usitazame ujumbe, tazama salio: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Mtu akipiga simu akilia kwamba amekosea akakutumia laki mbili, mpe pole, angalia salio kwanza, na hata ukizikuta, mwambie apigie kampuni yake wazirudishe wao. Mkweli atakubali. Tapeli atakutukana.

Saa za kusoma, na saa za kuacha

Sifungui habari kabla ya mauzo ya kwanza. Asubuhi akili bado laini, na ukiijaza vita, ajali na matusi ya wanasiasa, mteja wa kwanza atakukuta umenuna, na mteja aliyepokelewa kwa kununa hapatani, anavuka barabara. Nasoma mchana, baada ya chakula, soko likiwa limelala. Nusu saa inatosha. Baada ya sala ya isha simu inakaa kwenye chaji chumba kingine, hata wakati wa uchaguzi, hasa wakati wa uchaguzi.

Ninaloliona muhimu naliandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma: tarehe, habari, nitakachofanya. "Muhula unafunguliwa wiki ijayo, wazazi watauza mahindi wapate karo, weka pesa ya kununulia." Kurasa hizo zimenifundisha soko kuliko wachambuzi wa televisheni, kwa sababu mwezi ukiisha narudi kusoma, naona ni habari gani iligusa duka na ipi ilikuwa kelele. Nyingi ni kelele.

Pesa inayobaki baada ya kununua mzigo na karo usiiache kwenye simu ikikutazama, maana utaila. Chama cha akiba ni kizuri kama kina daftari la wazi. Na wachache wanajua kwamba hata shilingi 100,000 inatosha kununua hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, kupitia benki yako. Riba inalipwa kila miezi sita, ikishakatwa kodi. Uliza kaunta, wasikurushe kwa kuwa umevaa kanga.

Limebaki kundi la WhatsApp la ukoo. Kuna baba mdogo anayetuma habari za kutisha saa kumi na moja alfajiri, zote "zimetumwa mara nyingi". Usimsahihishe mbele ya watoto wake. Mwandikie, "Asante baba, nimeiona," usiisambaze, na ukikutana naye Ijumaa mueleze taratibu mkiwa wawili. Kundi lenyewe lizimie sauti mwaka mzima. Harusi na misiba watakupigia simu.