Je, Safari ya Meli Katika Mito ya Ulaya Inakufaa? Namna ya Kuamua Kabla ya Kulipa

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari za meli katika mito ya Ulaya huanza na bei. Mimi huwaomba waanze na ratiba, kwa sababu bei hupanda na kushuka kulingana na mwezi na chumba utakachochagua, ilhali mwenendo wa siku ndani ya meli hizi haubadiliki sana, na huo ndio unaoamua kama utarudi nyumbani umeridhika au umechoka.

Chukua ratiba ya safari unayoitamani, uisome saa kwa saa ukiwa na kalamu mkononi, na uzungushie duara kila sehemu ambapo meli inatembea mchana. Duara huwa chache kuliko watu wanavyotarajia. Kwa kawaida meli hutia gati asubuhi, abiria wakashuka kutembezwa mjini, kisha ikang'oa nanga jioni au usiku na kusafiri watu wakiwa wamelala. Kama moyo wako unataka kukaa kwenye sitaha na kuutazama mto ukipita, tafuta safari inayopita mchana katika bonde la Rhine nchini Ujerumani, kati ya Bingen na Koblenz, kilomita 65 za ngome za kale na mashamba ya mizabibu yaliyoning'inia kwenye miteremko, au katika bonde la Wachau nchini Austria, ambako Danube hupita kati ya Melk na Krems kwa kilomita 36 hivi. Mto Douro wa Ureno una faida ya pekee kwa mtu wa namna hiyo: meli za abiria hazisafiri usiku, kwa hiyo bonde lote huonekana mchana, ingawa joto la Julai na Agosti huko ni kali.

Kama unachokitaka hasa ni miji, nakushauri upime tena. Meli hukupa Vienna kwa siku moja, pengine na jioni yake, na mji ule hauishi kwa siku moja. Treni kutoka Vienna hadi Budapest haichukui hata saa tatu, nawe unaamua mwenyewe ulale wapi na uondoke lini. Meli humfaa zaidi mtu asiyetaka kufunga na kufungua sanduku kila baada ya siku mbili, na anayeridhika kuonja mji bila kuumaliza.

Nilijifunza tofauti za watu katika jambo hili nilipompeleka mama yangu kutoka Nuremberg hadi Budapest. Usiku wa kwanza tuliingia katika mfereji unaouunganisha mto Main na Danube, uliokamilika mwaka 1992, ambao huipandisha meli hadi mita 406 juu ya usawa wa bahari kwa kutumia malango ya maji, yaani vyumba vikubwa vya zege vinavyojazwa maji ili meli ipande kama iliyo ndani ya lifti. Taa za nje zilitoweka dirishani, na mahali pake ukaja ukuta wa zege uliolowa, ukiwa na ukoga wa kijani, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuugusa kwa kiganja. Chombo kiligusa ukuta kwa mshindo mdogo, kisha kikaanza kupanda kimyakimya, karibu mita 25 katika lango moja. Mama alijitanda khanga mabegani akasimama dirishani mpaka mwanga ukarudi, na usiku ule aliamka kila lango lilipofika. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Bibi tuliyekaa naye meza moja alikuja kwenye chai ya asubuhi macho yamemvimba, akauliza kama kila usiku utakuwa vile. Wote wawili walilipa nauli ileile.

Malango hayo ndiyo pia yanayoeleza umbo la meli. Kwa kuwa mengi yana upana wa mita 12 tu, meli haziwezi kuzidi mita 11 na nusu hivi kwa upana, na kubwa zake huishia mita 135 kwa urefu. Ndani yake hukaa abiria kati ya 150 na 190, wenye ukumbi mmoja wa kulia, sebule moja na sitaha ya juu. Siku ya tatu utazijua sura zote. Abiria wengi ni wastaafu, jioni kuna mpiga kinanda, na mapema sana sebule hunyamaza. Mtu anayependa mazungumzo mezani atafurahi; anayetaka kupotea ndani ya umati, au mwenye watoto wanaohitaji mahali pa kukimbia, atabanwa.

Kwa mzazi mzee au mtu mwenye matatizo ya magoti, uliza mambo matatu kwa maandishi kabla ya kulipa. Kwanza, lifti inafika sitaha zipi, kwa kuwa katika meli nyingi haifiki ya chini kabisa wala ya juu. Pili, matembezi ya asubuhi ni ya muda gani, na kama kuna kundi la wanaotembea polepole, maana miji kama Passau na Regensburg ina njia za mawe yanayosumbua miguu. Tatu, meli hufungwa ubavuni mwa nyingine mara ngapi, kwani magati yakijaa utalazimika kupita ndani ya meli ya jirani, wakati mwingine kwa kupanda ngazi hadi juu na kushuka tena, ili ufike nchi kavu. Kwa upande mwingine, aliyewahi kuteswa na mawimbi ya mkondo wa Nungwi asiwe na hofu: mtoni meli hutulia kiasi kwamba chai haimwagiki.

Fikiria pia maji yenyewe. Juni 2013 Danube ilifurika na kuzamisha mitaa ya Passau. Mwaka 2018 na tena Agosti 2022 kina cha Rhine kilishuka sana huko Kaub. Kipande cha Danube kati ya Straubing na Vilshofen hakina bwawa la kukishikilia kina, kwa hiyo ukame hukigusa mapema. Hali ikiwa hivyo, abiria husafirishwa kwa basi au huhamishiwa meli nyingine, na mikataba mingi huipa kampuni haki ya kufanya hivyo. Jiulize kwa dhati: siku tatu kati ya saba zikigeuka kuwa za basi, bado utaona fedha zako zimetumika vizuri? Kama jibu ni hapana, usilipe.

Kuhusu fedha, bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaoshiriki chumba, na anayesafiri peke yake huongezewa. Juu yake weka tiketi ya ndege, bima na bakshishi ya wahudumu. Chakula halali kiombwe wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kupanda.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda atahitaji viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima inayolipia matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo hesabu siku za meli nchi kwa nchi. Safari inayofika Belgrade hutoka nje ya eneo la Schengen, kwa kuwa Serbia haimo. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utakwama katikati ya mto.

Aliyeko Ulaya tayari, au anayepita huko kumtembelea ndugu, ana njia rahisi ya kujipima: apande boti ya siku moja kati ya Rüdesheim na Koblenz, asichukue kitabu, akae sitahani. Akifika Koblenz akatamani iendelee, aweke nafasi ya wiki nzima. Akijikuta ameshuka njiani kwenda kutembea mjini, fedha hizo azitumie kwa treni na hoteli.