Somo: Michezo yetu ya safari, kutoka Dodoma hadi Unguja

Kila likizo inapokaribia naulizwa jambo lile lile: sisi wa Dodoma, watu wa nchi kavu, tunafanya nini hata watoto wetu wakarudi kutoka Unguja wakisimulia boti kuliko ufukwe? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa.

Hatua ya 1. Kata mapema tiketi za treni ya kwenda Dar es Salaam na za boti ya kutoka huko hadi Unguja.

Hatua ya 2. Siku kumi kabla ya safari, tundika jikoni kamba ya katani yenye mafundo kumi, na kila jioni mtoto mmoja afungue fundo moja kwa zamu.

Hatua ya 3. Ndani ya treni tegeni vitendawili kwa utaratibu wa zamani, anayeshindwa atoe mji. Sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba mji huo lazima uwe kituo cha reli hii, yaani Igandu, Gulwe, Kidete, Kilosa na kuendelea hadi Pugu, na kituo kikishatolewa hakirudiwi. Treni ikiingia handakini upande wa Kilosa, wote hunyamaza hadi mwanga urudi, na anayecheka gizani hupoteza miji yake yote. Mume wangu hajawahi kufika Morogoro akiwa na mji hata mmoja.

Hatua ya 4. Kuficha kanga. Hapa someni polepole, kwa sababu ndipo nilipoharibu. Familia zinazosafiri kwa meli kubwa za matembezi, kama zile za Karibi, huficha vibata vya mpira ili abiria wengine wavikute na kuondoka navyo. Sisi tuliacha bata tukachukua kanga, ndege wa porini kwetu, na bibi yao huwashona kwa vipande vya kanga zake zilizochakaa, kwa hiyo kanga anakuwa kanga kweli kweli. Mwaka wa kwanza nilimtia mmoja ndani ya boksi la viatu, nikalizungushia selotepu, nikalisukuma nyuma ya majaketi ya kujiokolea. Hazikupita dakika ishirini vipaza sauti vikauliza boksi lisilo na mwenyewe ni la nani. Nilisimama mbele ya abiria wote, nikakata selotepu kwa meno huku baharia akinitazama mikono, akatoka ndege wa kitambaa mwenye jicho moja la kifungo. Baharia hakucheka, na alikuwa na haki. Kwa hiyo usifunge kitu chochote ndani ya boksi, usikiache bila mtu, na usiguse kamwe mahali pa vifaa vya uokozi, milangoni wala kwenye ngazi. Kanga afichwe kwenye viti na mizigo yenu tu, au ndani ya kilemba cha bibi, na yule wa kumpa mgeni apewe mkononi. Mtoto naye hapandi sitahani bila kushikwa mkono.

Hatua ya 5. Mkikaribia Unguja, atakayeuona kwanza mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, ndiye atakayechagua cha kula Forodhani jioni.

MASWALI

Kijana wa Nzuguni: Nauli ni shilingi ngapi?

Jibu: Somo hili ni la michezo. Nauli huulizwa kituoni.

Baba Watatu, Area D: Yaani unawafundisha watu kuficha mizigo kwenye boti? Huoni ni hatari?

Jibu: Ndugu yangu, umesoma kichwa cha Hatua ya 4 ukaacha tumbo lake. Rudi usome, kisha uniambie ni sentensi gani inayofundisha hivyo.

Mama Neema, Ipagala: Shikamoo dada. Binti yangu hutapika kila akivuka. Atacheza mchezo gani bila kuinamisha kichwa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Kusi likivuma, hasa kati ya Juni na Septemba, bahari huchafuka, kwa hiyo mkalishe katikati ya boti, sitaha ya chini, na asisome wala kutazama simu. Mpe tangawizi kidogo, kisha mtegee vitendawili akiwa anatazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Anza na “Popoo mbili zavuka mto”. Jibu lake ni macho, na akishalipata mwambie hayo macho ayatumie kuutafuta mnara wa Chumbe.

Mwalimu wa Kikuyu, hapa Dodoma: Hao kanga bibi huwajaza nini?

Jibu: Sufi ya mto wa zamani. Pamba ikilowa huwa nzito.

Mwalimu wa Kikuyu: Basi bibi ana akili. Zamani hata majaketi ya kujiokolea yalijazwa sufi kwa sababu huelea.

Jibu: Nimemsomea bibi maneno yako, mwalimu. Anasema yeye alitumia sufi kwa sababu mto ulikuwa umechanika.