Kununua bunduki ya askari wa zamani mnadani: soma alama kabla ya kupandisha bei

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Birmingham, na ninakusanya aina moja tu: bunduki za kijeshi za zama za baruti nyeusi, ile ya kale yenye moshi mwingi, hasa Mauser ya 1871 ya Wajerumani na Martini-Henry ya Waingereza. Sababu yangu iko nyumbani. Vita vilipopiganwa Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walibeba Mauser hiyo ya risasi moja moja. Kila walipofyatua, wingu la moshi liliwafichua walipojificha. Walishinda hata hivyo, dhidi ya jeshi la Waingereza lililokuwa kubwa kuliko lao. Ukiishika bunduki ile na kuuhisi uzito wake, kilo nne na nusu hivi, unaanza kumfahamu mtu aliyeibeba kutoka bara hadi pwani.

Nawe chagua uwanja mdogo. Anayenunua kila kitu cha kale hajui chochote kwa undani, na mnadani ujuzi ndio ngao pekee.

Kabla ya lolote, sheria. Hapa Uingereza, Sheria ya Silaha ya 1968 inaruhusu kumiliki bunduki ya kale bila cheti ikiwa kaliba yake imo kwenye orodha rasmi ya zilizopitwa na wakati, na ukiiweka kama pambo au kumbukumbu. Mauser ya milimita 11 na Martini-Henry zimo. Ukitaka kuifyatua, ruhusa hiyo haikuhusu tena. Unahitaji cheti cha polisi. Marekani, sheria ya shirikisho inazihesabu kuwa za kale zile zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, lakini majimbo yana masharti yao. Na tafadhali, usithubutu kuitia kwenye sanduku la safari kwenda Dar es Salaam au Mombasa. Huko ni silaha, na inataka vibali.

Sasa mnadani. Katalogi husomwa nyumbani, ila siku ya maonyesho usiikose, maana picha huficha mengi. Chukua tochi ndogo, kioo cha kukuzia na karatasi nyeupe. Mwombe mhudumu ruhusa, fungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, weka karatasi nyuma ya mtutu, kisha uchungulie kwa mbele. Mabaki ya baruti nyeusi hula chuma, hivyo tazama zaidi karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Mashimo madogo machache yavumilie. Mifereji ya ndani ya mtutu iliyolika yote ishushe bei.

Nenda kwenye namba. Wajerumani walipiga namba kwenye vipande vingi, vidogo wakivipa tarakimu mbili za mwisho. Zikilingana kuanzia mtutu hadi bolti, umepata bunduki iliyokaa na viungo vyake. Bolti ya namba nyingine ni jambo la kawaida, ila usilipie bei ya iliyokamilika. Angalia pia jina la kiwanda. Wengi hushangaa kuwa baadhi ya Mauser za 1871 zilitengenezwa Birmingham, kwa mkataba wa serikali ya Ujerumani.

Kwenye Martini-Henry tazama ubavu wa kulia: taji, herufi V.R., kiwanda, mwaka. Mafundi wa mpakani mwa Afghanistan walizinakili kwa ustadi mkubwa, lakini herufi huwasaliti. Utakuta N imegeuzwa, au V.R. ya Malkia Victoria juu ya mwaka 1908, wakati alifariki Januari 1901. Nakala hizo zina historia yake na ninaziheshimu. Ziuzwe tu kwa jina lake.

Ogopa kung'aa. Chuma kilichosuguliwa upya kina kingo za mviringo na herufi zilizofifia. Mbao iliyopigwa msasa huwa chini ya usawa wa chuma, ilhali kiwandani iliachwa juu kidogo. Mimi huchukua yenye rangi ya kahawia ya uzee na mikwaruzo ya kazi. Muuzaji akisema ilipigana Afrika Mashariki, muulize alama ya kikosi iko wapi. Kama hana jibu, lipia bunduki, hadithi mwachie.

Halafu hesabu. Bei ya nyundo, ile mnada unapofungia, siyo utakayolipa. Nyundo ikigonga kwa pauni 600, na kamisheni ya mnunuzi ni asilimia 25, ongeza 150. Kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni ni 30. Jumla 780, kabla ya usafiri. Ukishindana kupitia mtandao, huenda kukawa na makato mengine. Anza na jumla unayoimudu, rudi nyuma hadi bei ya nyundo, iandike kwenye katalogi, na ikifika hapo teremsha mkono. Wakishindana wawili wenye hasira, bei huacha kuwa na maana.

Ukishaipata, iache kwanza. Futa vumbi kwa kitambaa laini, paka chuma mafuta mepesi sana, mbao mafuta kidogo ya kitani. Msasa na brashi ya waya visiikaribie. Shika chuma kwa glavu, kwa kuwa jasho huleta kutu. Risiti ya mnada, yenye kaliba na kauli kwamba imeuzwa kama silaha ya kale, itunze pamoja na picha za kila alama. Polisi au bima wakiuliza, hiyo ndiyo utakayowaonyesha.