Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwachanja Bata Dhidi ya Kipindupindu cha Kuku

Mfugaji wa Mabogini, kusini mwa Moshi, ambako maji ya mfereji hutoka shamba moja la mpunga na kuingia jingine, akiamka na kukuta bata kadhaa wamekufa bila dalili yoyote jana yake, mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo kuulizia chanjo. Kwa bata walioanza kuugua huwa amechelewa, kwa kuwa chanjo hukinga, haiponyi, na kinga huhitaji takriban wiki 2 ili ijengeke.

La kwanza ni kuujua ugonjwa. Kipindupindu cha kuku, licha ya jina lake, huwashambulia bata kwa ukali kuliko kuku, na husababishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, yule yule ambaye Louis Pasteur alimfanyia majaribio ya chanjo kuanzia mwaka 1879. Vifo vya ghafla huweza pia kuletwa na tauni ya bata, ambayo ni ya virusi na ina chanjo yake, ilhali chanjo tuliyoizoea ya mdondo, yaani ugonjwa wa kuku wa Newcastle, haizuii hata mmoja kati ya magonjwa hayo mawili. Kwa hiyo mzoga wa bata aliyekufa muda mfupi uliopita, ukiwa umefungwa katika mifuko miwili na kuwekwa kwenye ubaridi bila kugandishwa, upelekwe kwa daktari wa mifugo au katika maabara ya veterinari iliyopo Arusha. Jibu la maabara lina faida nyingine: bakteria huyu ana aina 16 zinazotambuliwa, na chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria waliouawa hukinga hasa dhidi ya aina zilizomo ndani yake.

Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Muulize muuzaji friji lake hufanyaje umeme unapokatika. Akikasirika, nenda duka jingine. Safarini, ndani ya daladala, chupa iwe katika sanduku lenye barafu, lakini itenganishwe na barafu kwa gazeti, kwani chanjo iliyoganda huharibika hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Wachanjwe bata wenye afya pekee, na umri wao ulingane na maelezo ya lebo. Ni vyema wakamatwe alfajiri wakiwa bado bandani, kwa kuwashika mwili na mabawa. Miguu ya bata ni dhaifu na huteguka upesi. Kabla ya siku hiyo, panya wadhibitiwe, mizoga ichomwe au ifukiwe mbali na mfereji, na bata walionusurika watengwe, kwa sababu wanaweza kubeba bakteria kwa muda mrefu.

Sindano ziwe za kutosha, na anayechanja awe amefundishwa. Chanjo zenye mafuta hazina mzaha: anayejichoma kidole kwa bahati mbaya aende hospitali mara moja akiwa na chupa mkononi, hata kama jeraha ni dogo, maana mafuta hayo huweza kuharibu kidole kizima.

Hatimaye, soma lebo ili ujue siku za kusubiri kabla ya kuchinja, kisha andika ukutani mwa banda tarehe ya dozi ya pili, ambayo wengi huisahau vifo vikishakoma.