Jinsi ya kuomba kujiunga na zimamoto wa kujitolea katika mji mdogo wa Pennsylvania

Kwetu zimamoto ni kazi ya serikali. Tanzania kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenye vyeo na sare, nawe unapiga 114. Kenya ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo mtu wetu akihamia jimbo la Pennsylvania, Marekani, akakaa kwenye miji midogo inayozunguka Lancaster au Erie, akiona gari jekundu linapita na king'ora usiku wa manane hudhani waliomo ni waajiriwa wa zamu ya usiku. Mara nyingi sivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya vikosi vya jimbo hili ni vya kujitolea, na aliyeshika usukani huenda ni fundi bomba au mwalimu aliyekuwa kitandani kwake dakika chache zilizopita. Tena wanapungua. Miaka ya 1970 walikuwa kama 300,000. Ripoti ya tume iliyoundwa na bunge la jimbo, iliyotoka 2018, iliwahesabu kuwa karibu 38,000. Ndiyo maana nje ya vituo vingi kuna bango la kutafuta watu.

Bango hilo linakuhusu hata wewe uliyekuja juzi. Nitaeleza njia ya kuomba kwa mtu mzima wa miaka 18 na zaidi. Vijana wa 14 hadi 17 wanaweza kuingia kama wadogo, lakini wao wanahitaji ridhaa ya mzazi na kibali cha kazi cha watoto, na kazi nyingi za hatari wamekatazwa.

Usianzie ofisi ya mji

Mimi nilianzia huko. Niliingia ofisi ya borough, kama miji hii midogo inavyoitwa kisheria, nikamwomba katibu fomu ya zimamoto. Mama wa watu akatabasamu, akanionyesha dirishani jengo la ng'ambo ya barabara.

Sababu ni hii. Borough ina baraza la madiwani, kwa kawaida 7, wanaochaguliwa kwa miaka minne, na ina meya. Kampuni ya zimamoto ni kitu kingine. Neno "kampuni" lisikupotoshe: si biashara, ni shirika lisilotafuta faida, lenye katiba yake, rais wake, mweka hazina wake, na chifu. Rais huongoza vikao, chifu huongoza motoni. Ni desturi ya zamani. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kampuni yao ya kujitolea Philadelphia mwaka 1736. Baraza la mji huitambua kampuni rasmi, huitengea fedha (miji mingine ina kodi maalumu ya zimamoto) na hubeba bima ya fidia ya wanaojitolea. Haliandikishi wanachama.

Kiasi kikubwa cha fedha kampuni huzitafuta yenyewe: kuku wa kuchoma wanaouzwa Jumamosi, bingo, kifungua kinywa cha Jumapili. Aliyekulia kwenye harambee ataelewa upesi.

Nenda jioni ya mazoezi

Kila kituo kina siku yake ya mazoezi, jioni moja kwa wiki au mbili kwa mwezi. Imeandikwa kwenye bango au ukurasa wao. Nenda siku hiyo, kwa sababu mchana wa kawaida kituo huwa kimefungwa, hakina mtu wa mapokezi. Fika robo saa kabla, jitambulishe, sema unataka kujiunga, uulize kama unaweza kutazama. Hakuna haja ya barua wala suti. Vaa viatu vilivyofungwa.

Ningekushauri uende mara mbili au tatu kabla hata ya kuomba fomu. Baadaye watu hawa watakupigia kura, na mtu akipigia kura jina asilolijua hujiuliza maswali mengi. Ukiwa umeshasaidia kukunja mipira ya maji na kufagia sakafu, maswali hupungua. Kuhusu Kiingereza usijishushe. Cha muhimu ni kuelewa amri fupi na kusema waziwazi pale usipoelewa. Anayeitikia "ndiyo" kwa aibu ndiye hatari motoni. Na ukisema unajua Kiswahili, Kifaransa au Kinyarwanda, chifu mwenye akili ataliandika hilo, maana kuna usiku atasimama mlangoni kwa familia isiyomwelewa.

Fomu

Fomu nyingi ni za kurasa mbili hadi nne: jina, anwani, kazi, leseni ya udereva, afya kwa ufupi, watu wawili au watatu wanaokujua wasio ndugu zako. Weka msimamizi wako wa kazi, mchungaji au imamu. Mambo mawili yanawakwamisha watu wetu.

La kwanza ni majina na tarehe. Wengi waliokuja kama wakimbizi wameandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na jina la ukoo limekaa mahali pa jina la kwanza. Andika vilevile kitambulisho chako kinavyosema, hata kama unajua si sahihi. Usirekebishe historia ndani ya fomu ya zimamoto, vyeti vyako havitalingana nayo.

La pili ni uraia. Fomu nyingine inauliza kama wewe ni raia wa Marekani. Anayeamua kama asiye raia anapokewa ni katiba ya kampuni husika, basi muulize katibu wao mapema. Lakini kama una kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), au bado una hadhi ya ukimbizi, jibu kwa kweli. Kujidai raia ilhali si raia kunaweza kukufungia njia ya uraia kabisa na hata kukufukuzisha nchini, na kusema "nilikosea tu kuweka alama" hakuokoi. Kama kesi yako ya hifadhi bado iko mezani, au kampuni inawapa watu posho kwa kila wito, zungumza na wakili wako wa uhamiaji kabla ya kusaini.

Vyeti

Sheria ya jimbo inamkataza aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuchoma mali makusudi asiwe mzimamoto. Kwa hiyo lazima uonyeshe huna kosa hilo, ama kwa cheti cha rekodi za jinai kutoka polisi wa jimbo, ama kwa tamko ulilolitia saini na tarehe. Kampuni nyingi hutaka cheti. Ndugu wa Kenya, ni kama kile cha tabia njema, ila hapa huombwa mtandaoni kupitia mfumo wa polisi unaoitwa PATCH, na kwa anayejitolea ni bure. Chagua pale palipoandikwa kujitolea. Ukichagua ajira utalipishwa.

Kama kituo kina vijana na wewe utawasimamia, kuna cheti kingine cha kuonyesha huna rekodi ya kudhulumu watoto, nacho ni bure kwa wanaojitolea. Juu yake, ambaye hajaishi Pennsylvania miaka 10 mfululizo atatakiwa kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya FBI, wapelelezi wa serikali kuu. Wengi wetu tuko kundi hilo. Alama za vidole zina gharama, basi uliza kama kampuni inalipa. Vyeti hivi hudumu miaka mitano.

Kura, kisha kungoja

Ukirudisha fomu, inasomwa kwenye kikao cha mwezi. Kamati ya uanachama inakuita kwa mazungumzo na kuwapigia simu uliowataja. Katika kampuni nyingi kura hupigwa kikao kinachofuata. Kwa hiyo hesabu wiki sita hadi nane, wala usidhani umekataliwa kwa kuwa simu haijalia. Ukipita, unaanza kipindi cha majaribio, mara nyingi miezi sita au mwaka: unahudhuria mazoezi, unaitikia wito, lakini huna kura.

Utapewa koti, suruali, kofia na buti. Vingi hununuliwa na chama cha msaada cha wazimamoto, ambacho fedha zake hutokana na kodi ya asilimia 2 inayotozwa kampuni za bima za moto kutoka nje ya jimbo, na mkaguzi mkuu wa jimbo huzikagua. Ukivipoteza utaulizwa kweli.

Halafu masomo. Mtaala wa jimbo una sehemu nne, kuanzia utangulizi, kazi za kusaidia, kuzima ukiwa nje, hadi kuingia ndani ya nyumba inayowaka. Jumla inapita saa 150, jioni na mwisho wa wiki. Kwa anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani ni mzigo, sitakudanganya. Usiyamalize yote kwa pupa. Wengine hubaki na sehemu mbili za kwanza kwa muda mrefu na bado wana manufaa makubwa.

Wenye ndevu: barakoa ya hewa lazima ibane ngozi. Kwa anayetaka kuingia ndani, ndevu zinazopita pale inapogusa uso hazikubaliki. Kama ndevu zako ni za dini, sema mapema ili upangiwe kazi za nje.

Shughuli zinazokurudisha ofisi ya mji

Sasa ndipo yule mama katibu anapokufaa. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ambayo kampuni inaipelekea borough. Mzimamoto wa kujitolea akiumia kazini, sheria ya fidia humhesabu kuwa mfanyakazi wa mji, na mshahara wake kwa hesabu hiyo hauwi chini ya wastani wa jimbo, hata kama alikuwa hana kazi. Asiye kwenye orodha ataanza kwa kubishana.

Muulize pia kuhusu nafuu ya kodi. Sheria Na. 172 ya 2016 inaruhusu mji kuwapunguzia wanaojitolea kodi ya mapato ya mji na ya nyumba. Ya nyumba ilikuwa na kikomo cha asilimia 20, na 2020 kikomo kilipandishwa hadi asilimia 100. Inaruhusu tu, hailazimishi. Baraza lisipopitisha sheria ndogo hupati kitu. Hapo hudhuria kikao cha baraza. Ni cha wazi, ajenda hutolewa saa 24 kabla, na mkazi ana haki ya kusema. Simama, taja jina na mtaa wako, uliza swali moja fupi, ukae.

Kwa mwajiri wako, ujue sheria ya 1977 inamzuia kukufukuza au kukuadhibu kwa kuchelewa kazini kwa sababu uliitikia wito kabla ya zamu yako kuanza. Anaweza kudai barua ya chifu, na mshahara wa muda huo halazimiki kukulipa. Na zile taa za buluu, zisizozidi mbili, unazoruhusiwa kuweka kwenye gari lako ukienda kwenye tukio hazikupi ruhusa ya kupita taa nyekundu. Jina lako lazima chifu awe amelipeleka kwa polisi wa jimbo kwanza.

Kama magoti yamechoka au ngazi zinakutia kizunguzungu, omba kuwa polisi wa zimamoto, wale wenye fulana za kung'aa wanaozuia magari kwenye ajali. Kampuni inakupendekeza, kisha unaapishwa, mara nyingi na meya mwenyewe au hakimu wa wilaya. Omba karatasi ya kiapo siku moja kabla ukaisome nyumbani kwa sauti. Kiingereza chake ni cha mahakamani, na pale mbele utainua mkono wa kulia na kurudia maneno mafungu kwa mafungu, huku madiwani wakikutazama.